Mpangaji kapiga simu: kutafuta chanzo cha ubovu kabla ya kumwita fundi

"Bi, ukuta unalia tena."

Simu hiyo nimeipokea masika mengi, kutoka kwa mpangaji wangu wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Miaka ya mwanzo sikuwa na la kuuliza. Namtuma fundi, fundi anakuja na mfuko wa saruji, anabandua lipu iliyooza, anapiga mpya, anapaka rangi, nalipa. Masika yakirudi, ukuta unalia tena, na safari hii futi moja juu ya pale tulipotengeneza. Nilikuwa nalipa kila mwaka kuhamisha unyevu kutoka sehemu moja ya ukuta kwenda nyingine.

Nina nyumba tatu za kupangisha: hiyo ya mawe niliyorithi Kiponda, moja ya matofali Fuoni, na moja Chake Chake ambayo siioni mpaka nipande boti. Hiyo ya Pemba ndiyo iliyonifundisha kazi, maana huwezi kuvuka bahari kila mfereji (koki ya maji) ukidondoka. Inabidi uuguze nyumba kwa simu. Nikipigiwa siku hizi, kabla ya kuuliza pameharibika vipi nauliza lini. Asubuhi au jioni? Mvua ikinyesha tu, au hata jua likiwaka? Tangu mlipohamia au tangu wiki iliyopita? Mpangaji hajui lipu wala nyutro (waya wa kurudisha umeme), lakini anaishi mle ndani na saa anazijua. Maji, umeme na chumvi kila kimoja kina saa zake.

Hapa chini nimepanga matatizo kwa maneno ya wapangaji wenyewe, kama wanavyonipigia.

"Ukuta unalia"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kwanza jua kama maji yanatoka ndani ya ukuta au yanatoka hewani. Chukua kipande cha nailoni safi, futi moja kwa futi moja, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, uache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni hewa ya ndani inayoganda kwenye ukuta baridi: mvuke wa jikoni, nguo zinazoanikwa ndani, kiyoyozi kinachowashwa usiku kucha na madirisha hayafunguliwi mchana. Dalili yake nyingine ni koga nyeusi kwenye pembe za juu na nyuma ya kabati. Dawa yake haina haja ya fundi: sogeza kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, fungua madirisha yanayokabiliana, anika nguo uwani.

Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani. Sasa tazama umbo la doa. Doa linaloanzia sakafuni na kupanda sawasawa mpaka usawa wa kiuno, na unga mweupe juu yake, ni unyevu wa ardhini. Linakuwepo mwaka mzima, masika linazidi tu. Doa la mviringo linaloanzia pahala pamoja na kutanuka ni uvujaji, na hapo swali la lini linakupa jawabu: likikua siku za mvua, panda ukaangalie paa au gata (mkondo wa kukinga maji ya paa); likikua hata kiangazi, kuna bomba au choo cha ghorofani. Kwa choo cha juu, waombe wakaazi wasikitumie siku mbili. Doa likipungua rangi, umeshampata mwizi.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina jambo lao. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, hazina karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi kama nyumba za sasa. Wajenzi wa zamani hawakuwa wajinga. Ukuta ulikunywa maji kutoka chini na chokaa ikayaacha yatoke nje kama mvuke. Ukipiga lipu ya saruji juu yake umeuvalisha koti la mvua: maji hayana pa kutokea, yanapanda ndani kwa ndani mpaka yafike pale saruji inapoishia. Ndiyo ile futi moja ya kila mwaka. Rangi ya mafuta inafanya vivyo hivyo, na inafanya haraka zaidi.

Tuliyoyafanya hatimaye Kiponda ni haya. Tulibandua saruji yote ya ukuta ule, tukapita sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Unga wa chumvi tuliusugua kwa brashi kavu na kuuzoa. Usiuoshe kwa maji, maana maji yanairudisha chumvi ndani. Kisha tukauacha ukuta uchi kaskazi nzima. Mpangaji alinuna, nikampunguzia kodi miezi mitatu, bado ilikuwa rahisi kuliko saruji ya kila mwaka. Mwisho tukapiga chokaa na mchanga, tukapaka chokaa. Ukuta ule bado una kivuli cha unyevu masika, lakini haubanduki, na kiangazi unakauka wenyewe. Nimeridhika nao.

Kabla ya kazi kubwa kama hiyo Mji Mkongwe, nenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ukaombe kibali. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hata mlango au dirisha hulibadilishi kwa kujiamulia. Wenzangu wengi wanakuona huko ni kusumbuliwa. Mimi nilikuwa hivyo mpaka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoporomoka nayo imo kwenye matengenezo. Toka siku hiyo, mtu anayejua mawe akitaka kuja kuangalia ukuta wangu kabla sijaugusa, namwekea na kahawa.

Fuoni hakuna mawe, kuna matofali ya saruji, na ukuta unalia kwa sababu nyingine kabisa: chumvi iliyokuja na mchanga. Siku za joto zito la vuli, hata tone la mvua halijaanguka, madoa yanajitokeza ukutani halafu yanapotea upepo ukivuma. Chumvi inanyonya maji ya hewani, basi. Hapo kutafuta bomba linalovuja ni kujichosha. Ukijenga au ukitengeneza, tia konzi ya mchanga kwenye chupa ya maji ya kunywa, tikisa, acha utulie, onja. Ukiwa na ladha ya bahari, rudisha gari.

Lipu yenye chumvi ni aibu ya macho tu. Zege lenye chumvi ni hatari. Nondo ikishika kutu inavimba, maana kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege linapasuka kufuata mstari wa nondo. Kwa hiyo ufa mrefu ulionyooka chini ya lenta (boriti ya zege juu ya mlango au dirisha) au kwenye dari ya zege, wenye rangi ya hudhurungi, usiuzibe kwa saruji. Gongagonga: pakilia tupu, zege limeshaachana na chuma. Pabanduliwe mpaka nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe kiwe cheupe, ndipo pazibwe. Nondo ikiwa imeshaliwa na kukonda, mwite mhandisi, fundi mwashi peke yake hatoshi, na kitanda kiondoshwe chini ya sehemu hiyo leo hii.

Pemba nayo ina yake. Kisiwa ni vilima na mabonde, na nyumba yangu ya Chake imechimbiwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Ukuta huo ulilia kuanzia kifuani kushuka chini, kinyume cha unyevu wa sakafuni. Hapakuwa na la kufanya ndani. Tulichimba mtaro nyuma, chini ya usawa wa sakafu, tukaujaza kokoto na kuuelekeza pembeni. Kazi ya siku nne, jembe tu.

"Maji hayana nguvu"

Muulize: mfereji mmoja au yote? Ukiwa mmoja, ubovu ni wa mfereji huo. Maji yetu ya visima yanapita kwenye mawe ya chokaa, yanaacha magaga meupe yale unayoyaona kwenye birika. Magaga hayo yanaziba chujio la mfereji na matundu ya bomba la mvua. Fungua kichwa chake, kilaze kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua kwa mswaki mkukuu. Hakuna siki? Ndimu zitafanya kazi hiyo, ila utatumia nyingi.

Ikiwa ni mifereji yote, uliza kama hali ni hiyo hata saa zile maji ya mamlaka yanapofunguliwa. Kama maji ya moja kwa moja yana nguvu na ya tangi hayana, tazama kimo cha tangi. Kila mita moja ya kimo inakupa takriban baa 0.1 tu, kwa hiyo tangi lililowekwa mita mbili juu ya bomba la kuogea haliwezi kukupa mvua ya hoteli, na baadhi ya hita za papo kwa papo hazitawaka kabisa. Kama zamani yalikuwa na nguvu na sasa yamekatika ghafla baada ya tangi kukauka, kuna hewa imenasa kwenye bomba. Fungua mfereji wa chini kabisa na uache wazi mpaka uache kukohoa.

Tangi linalofurika usiku ni boya la kufungia maji limechoka au limekwama kwa magaga. Mfereji unaodondoka ni raba ya ndani. Tone moja kila sekunde ni kama ndoo ya lita 20 kwa siku, kwa hiyo hilo usilisubirishe mwisho wa mwezi.

Choo ndicho kinachokula maji kimya kimya. Tia rangi ya biriani kidogo kwenye tangi la choo, asivute mtu nusu saa. Ukikuta chini pameingia rangi, raba ya kuzuia maji imeharibika. Mpangaji wangu mmoja alicheka sana nilipomuagiza rangi ya biriani kwa simu. Alidhani nataka kumfundisha kupika.

"Umeme wa tukuza unaisha mbio"

Tukuza ni umeme wa kulipia kabla. Malalamiko haya kwanza niliyaona ni ya watu wasiozima feni. Nilikosea. Siku hizi namwambia mpangaji achomoe kila kitu, azime kila taa, halafu aende kwenye mita aangalie ile taa ndogo inayopepesa. Isipopepesa, hakuna upotevu. Ni matumizi, na mara nyingi ni friji. Afunge mlango wa friji juu ya noti. Noti ikivutika bila kukaza, raba ya mlango imekufa na mashine inafanya kazi mchana na usiku.

Ikipepesa ilhali kila kitu kimezimwa, azime na swichi kuu. Ikiendelea kupepesa, tatizo liko kati ya mita na swichi kuu, hapo usiguse, piga simu shirika la umeme. Ikiacha, umeme unapotea ndani ya nyumba. Arudishe swichi kuu, azime sakiti breka moja baada ya moja mpaka mita itulie. Ile iliyoituliza ndiyo yenye siri.

Siri ya Fuoni ilinichekesha baada ya kuniuma. Mnakumbuka kiza kile cha miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja nzima ikabaki na vibatari. Wengi tulinunua majenereta. Fundi alinivutia waya kutoka kibanda cha uwani kuingia ndani ya nyumba. Umeme uliporudi jenereta niliuza, waya ukabaki umefungwa kule kule kwenye sakiti. Miaka ikapita. Kuna aliyeuona ukining'inia ukutani upande wa kichochoro, akauona una uhai, na kwa muda ambao sijui ulianza lini mpangaji wangu alikuwa analipia friza ya kibanda cha chipsi. Kwa hiyo ukinunua nyumba, au ukirithi, fuata kila waya wa nje mpaka mwisho wake.

Dalili mbili hazisubiri hata usiku mmoja. Ya kwanza: "Nikishika mfereji nasikia kama sisimizi." Hiyo ni shoti, na ethi ya nyumba (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) haifanyi kazi. Wazime swichi kuu, asioge mtu, aje fundi mwenye leseni. Chanzo cha shoti mara nyingi ni hita au pampu. Sababu ya ethi kutofanya kazi mara nyingi ni ardhi. Kwenye uwanda, maweni kule, chuma cha ethi hakizami. Fundi mvivu anakikata kikiwa kimeingia nusu na kufukia kichwa. Mwambie akichomoe ukione urefu wake. Na ukiwa unalipa, weka kabisa swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, ile yenye alama ya miliampea 30. Kwenye nyumba ya kupangisha sioni kitu cha bei yake kinachookoa zaidi.

Ya pili: taa za chumba kimoja zinafifia huku za chumba kingine zinang'ara kupita kiasi. Nyutro imelegea au imekatika. Chomoeni kila kitu haraka, maana televisheni na friji zitaungua, na piga simu shirika. Kufifia kwa sekunde moja friji inapoanza ni jambo dogo zaidi: kuna muungo uliolegea, fundi aukaze, ila usiachwe mpaka soketi ianze kunuka plastiki.

"Paa linavuja"

Tone linapoanguka sipo tundu lilipo. Maji yanaingia kwenye bati, yanateleza juu ya mbao, yanaanguka mita mbili mbele. Panda darini mchana wa jua, funga mlango, kaa kizani kidogo: tundu litakuonyesha nyota yake. Anza na misumari. Ile iliyopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo, au iliyopoteza raba yake, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ikiwa panavuja mvua ya upepo wa kusi tu na mvua iliyonyooka haipiti, tazama maungio ya bati na kofia ya juu: upepo unayapandisha maji kinyume. Na wakikwambia panadondoka alfajiri bila mvua, hapo hakuna tundu. Ni mvuke umeganda chini ya bati baridi, dari linataka matundu ya hewa.

Pwani, tuseme Paje au Jambiani, bati linaliwa na chumvi kuanzia kwenye maungio na kwenye misumari. Lami utakayopaka juu ya kutu inaficha tu. Bati lililotoboka kwa kutu pahala pamoja, jirani yake yuko njiani.

"Choo kinanuka"

Harufu ya chumba kisichotumika: maji ya kwenye kona ya bomba yamekauka, mwaga kopo moja la maji kwenye tundu la sakafuni, basi. Sinki moja linakwenda polepole: bomba lake limeziba, mara nyingi nywele au mafuta. Yote yanakwenda polepole na choo kinatoa povu: karo (shimo la maji machafu) limejaa. Lakini likijaa masika tu, wiki baada ya gari la kunyonya kuondoka, usiite gari tena. Angalia gata linamwaga wapi. La kwangu lilikuwa linamwaga kwenye mfuniko wa karo lenyewe.

"Kuna njia ya udongo ukutani"

Mchwa. Vunja kipande cha njia, rudi kesho. Ikiwa imejengwa upya, wamo. Kama haikujengwa, pengine walishahama zamani. Gonga boriti na miimo ya milango kwa mpini wa nyundo, isikilize. Kuni iliyorundikwa kwenye ukuta na maboksi yaliyokaa sakafuni viondoke kabla mpiga dawa hajaja.

"Mlango haufungi"

Lini? Ukigoma masika na kufunga kaskazi, mbao imevimba kwa unyevu, usiuguse. Paka ukingo wa juu na wa chini rangi ukiwa umekauka, kingo ambazo mafundi huzisahau kwa sababu hazionekani. Ukigoma mwaka mzima na kuna ufa unaotoka kwenye pembe ya fremu, nyumba inatitia. Chora mistari ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe ukutani, tazama kila mwezi. Ufa usiotembea ni wa kuziba. Unaotembea, au unaoingiza kidole, ni wa mhandisi.

Hili la mlango nimelijua kwa gharama. Chake Chake, mwezi wa Aprili, mpangaji alilalamika nikamtuma seremala, akaupiga randa mpaka ukafunga laini kabisa. Ilipofika Januari mpangaji akanipigia tena: "Bi, paka anapita pembeni ya mlango umefungwa." Seremala yule yule akarudi kuongeza ubao upana wa vidole viwili, na malipo akachukua mara ya pili.